Wifi Yangu na Konokono wa Sebuleni

Wifi yangu aliletwa nyumbani kwetu kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kwanza, mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa, na mume wangu akaona mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa amemaliza shule na kukaa tu, aje anishike mkono mpaka nirudi kufundisha. Alikuja na sanduku moja la bati lenye kufuli bovu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Miezi mitatu ikawa mwaka kwa sababu mtoto alikuwa akiumwaumwa kifua. Mwaka ukawa miaka mitano kwa sababu alikuja mtoto wa pili. Kisha mume wangu akapandishwa cheo, akawa mkaguzi wa shule, mtu wa kusafiri wiki nzima, na nyumba haikuweza kukaa bila mtu mzima. Hakuna siku aliyoambiwa abaki. Hakuna siku aliyoambiwa aende pia. Watoto walikua wakaondoka, na lile sanduku likabaki chini ya kitanda chake, katika chumba cha nyuma ya sebule.

Naandika habari zake kwa sababu mtaani zinasimuliwa vibaya. Wapo wanaosema nilimfukuza, wapo wanaosema alitoroka. Bora niyaseme mwenyewe yaliyotokea, hata pale yanaponichoma, kuliko kuyasikia kwa watu yakiwa yameongezwa chumvi.

Mume wangu alinunua tangi la samaki mwezi uleule aliopata ukaguzi. Lilikuwa refu kama benchi la darasani, na lilikaa kwenye meza ya chuma, limeegemea ukuta wa chumba cha wifi yangu. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wenye mikia kama vipande vya hariri, mchanga mweupe, mawe matatu na mimea. Mgeni akiingia aliliangalia tangi kabla hajatuangalia sisi. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, baada ya kunyoa ndevu, mume wangu alisimama mbele yake na taulo begani, akawatupia samaki chakula chao na kuwasalimia kana kwamba ni walimu wa shule anayoikagua.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kazi nyingine zote zilikuwa za wifi yangu. Alibadilisha maji, akaosha kichujio, akakwangua ukijani kwenye kioo kwa wembe wa zamani uliofungwa kwenye kijiti. Nyuma ya jikoni aliweka madumu mawili makubwa ya maji yaliyokingwa siku mbili kabla, yasiyofunikwa, ili dawa ya bombani iyatoke. Aliyaita maji ya kulala. Ole wako uchote maji ya kulala ukafulie. Pampu ya tangi ilinguruma ukutani, upande wa kichwa cha kitanda chake, na aliniambia kwamba kelele yake haimwamshi. Kinachomwamsha ni ikinyamaza.

Yote hayo alifundishwa na fundi wa matangi, mzee mmoja mjane tuliyemwita Fundi Pampu, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa namna alivyokuwa akihema akipanda ngazi. Alikuwa akihudumia matangi ya zahanati, ya benki na ya hoteli mbili. Mara nyingi alisema mbele yetu kwamba katika wateja wake wote hajaona mkono mwepesi kama wa wifi yangu. Mume wangu alifurahi. Mimi nilidhani anatia chumvi ili aongezwe chai.

Mume wangu alifia nyumbani, mchana, baada ya kuugua miezi minne. Nilikuwa peke yangu naye chumbani. Nilipotoka sebuleni, ndugu na majirani walikuwa wamejaa, na wifi yangu alikuwa amesimama karibu na mlango ameshika beseni la maji. Nilimwambia mbele za watu wote maneno ya mwisho ya kaka yake: awatunze samaki, na maadamu wako hai, asiiache nyumba hii. Aliweka beseni chini taratibu, maji yasimwagike.

"Nimesikia, wifi," akasema.

Mtu asiyewajua samaki wale angedhani huo ni muda mfupi. Lakini ni samaki wanaozaa watoto hai, tena karibu kila mwezi. Huyu akifa, ishirini wameshazaliwa kwenye majani. Miaka minne ilipita, na lile neno, maadamu wako hai, lilikuwa bado bichi kama siku ya kwanza.

Mwaka wa nne Fundi Pampu alianza kuvimba magoti. Hakuweza tena kubeba ndoo. Alikuja rasmi, amevaa shati la mikono mirefu, akaniomba wifi yangu aende wakashike kazi pamoja. Angemfundisha kutengeneza pampu, angemkabidhi wateja, na juu ya duka kulikuwa na chumba chenye dirisha la barabarani ambacho binti yake alikiacha alipoolewa. Wifi yangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni akifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. Aliendelea kuifuta muda wote tulipokuwa tunaongea.

Nilimjibu fundi kwa heshima. Nilimwambia kwamba dada wa mkaguzi hawezi kuonekana anaingia benki na ndoo mkononi kwenda kuosha kinyesi cha samaki wa watu. Na hata kama angeweza, kulikuwa na maneno ya marehemu. Fundi alimgeukia wifi yangu amsikie mwenyewe. Wifi yangu akasema neno la kaka ni neno la kaka, akaiweka sahani kabatini. Fundi alipoondoka alimwachia mche wa majani ya majini uliofungwa kwenye gazeti bichi, kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa na hakutaka kuondoka bila kuacha kitu.

Konokono waliingia na mche huo. Mayai yao yalikuwa chini ya jani, kama tone la ute, na hakuna aliyeyaona. Kwanza nilimwona mmoja, mdogo kama punje ya mtama, anapanda kioo. Baada ya wiki mbili walikuwa kumi. Miezi miwili ilipopita kioo kilijaa vidoa vya kahawia vinavyotembea, na mgeni aliyekuja kunisalimia aliniuliza kwa upole kama siku hizi tunafuga konokono.

Wifi yangu aliwapenda. Alinionyesha kwamba wembe wake haukuwa na kazi tena, kwa sababu ukijani wote wanaula wao. Jani likioza wanalimaliza. Samaki aliyefia nyuma ya jiwe asubuhi, mchana alikuwa mwiba mtupu, na maji hayakunuka. Mimi nikasema tangi ni la samaki na konokono mahali pao ni shambani. Tulibishana hivyo siku tatu mfululizo, yeye akisema kidogo na mimi nikisema sana, mpaka nikamwita Fundi Pampu aje aamue.

Fundi alikaa kwenye kigoda, akamulika tochi chini mchangani, akahema. Wakati anaendelea kuchungulia nikamwambia kwamba hao ni wageni walioingia bila kualikwa, wanakula mabaki, wanalala bure, na hawana dalili ya kuondoka.

"Hapo umenisema mimi, wifi," akasema wifi yangu.

Alisema huku anacheka, na fundi naye akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilichelewa kucheka.

Kisha fundi akatoa hukumu yake. "Hawa si wabaya, mwalimu. Wakiwa wachache ni wafagiaji wa bure, tena hawaombi likizo. Wakiwa wengi hivi, usiwalaumu wao. Konokono hazai kwa ubishi, anazaa kwa shibe. Kuna mtu humu ndani anazidisha chakula."

Wifi yangu alisema yeye anatoa chembe moja ya vidole viwili, jioni tu. Wote wawili wakanitazama. Nikasema mimi sina muda wa kulisha samaki.

Haikuwa kweli. Tangu wiki ya msiba nilikuwa nikiamka saa kumi na mbili kasoro, nasimama pale aliposimama mume wangu, na kuwatupia samaki chakula chao. Sikuwa na taulo begani, lakini nilitumia mkono uleule na kiasi kilekile. Samaki walikuja juu wote kwa pamoja kama walivyomjia yeye, na kwa dakika hiyo nyumba haikuwa ya mjane. Sikuona namna ya kulisema hilo mbele ya fundi wa matangi.

Fundi alitoa maagizo. Chakula kipunguzwe. Jioni kitumbukizwe kipande cha tango, asubuhi kitolewe na konokono watakaokuwa wamekipanda. Na zaidi ya yote, dawa isitiwe. "Konokono mmoja akioza si kitu," akasema. "Mia wakioza kwa pamoja, umewapikia samaki supu ya sumu."

Wifi yangu aliyafuata maagizo hayo. Kila asubuhi alitoa kipande cha tango chenye konokono kumi na tano, ishirini. Hakuweza kuwaua, akawatia kwenye chupa kubwa ya jamu dirishani kwake, na majani mawili. Alitoa ishirini, na mimi, kabla hajaamka, nilikuwa nimeshalisha wengine arobaini.

Mambo yangekwenda hivyohivyo kama binti yangu asingepata mchumba. Kijana alitoka familia ya watu waliosoma: baba yake mpima ardhi, mama yake matroni wa wodi ya watoto. Wazazi hao walitaka kuja kutufahamu Jumapili, saa nne asubuhi. Niliosha mapazia. Nilipaka rangi mlango wa mbele. Na kila nilipoinua macho nikaona tangi, na kwenye kioo chake vile vidoa vinatambaa. Matroni ni mtu anayepitisha kidole kwenye fremu ya kitanda kutafuta vumbi. Nilimwona kichwani mwangu amekaa mkabala na tangi, anahesabu.

Siku ya Alhamisi nilikwenda duka la pembejeo. Muuzaji alinipa dawa ya buluu ya kuua konokono wa mabwawani, akasema ni kijiko kwa pipa. Ijumaa asubuhi wifi yangu alipotoka kwenda sokoni, nilikadiria kwa jicho nikamimina, kisha nikaongeza kidogo ili nisirudie. Nakumbuka kwamba wakati namimina nilikuwa nayasikia maneno ya fundi vizuri kabisa.

Jumamosi nilifurahi. Kioo kilikuwa kitupu. Wifi yangu alisimama mbele yake muda mrefu, akaniuliza konokono wamekwenda wapi. Nikamwambia labda tango limewamaliza. Aliinama akatazama mchanga, na mchanga ulikuwa umejaa magamba.

Jumapili saa mbili sebule ilinuka kama mfereji. Maji yalikuwa meupe, kama mtu ametia maziwa. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wengine wamelala ubavu. Wifi yangu alitoka chumbani kwake na kanga ya kulalia. Alichovya kidole akakinusa, kisha akanitazama, na nikajua kwamba amejua.

Niliwahi kabatini nikatoa kitambaa cheupe cha kufuma, kile kikubwa cha meza ya wageni. Nikamwambia tulifunike tangi, tufungue madirisha, tuwakaribishe wageni barazani, na mengine tutayamaliza wakishaondoka.

"Wakiondoka, hawa watakuwa wamekufa," akasema.

"Ni samaki, wifi. Leo ni maisha ya mtoto."

"Shika upande huo wa mpira wa maji."

Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuniambia shika. Nilisimama na kitambaa changu mkononi. Yeye aliburuta dumu la kwanza la maji ya kulala kutoka nyuma ya jikoni mpaka katikati ya sebule, juu ya zulia, akajaza mabeseni mawili, akaanza kuwatoa samaki kwa wavu mmojammoja, wanaopumua kwanza. Ndipo wazo likanijia, na sitalificha. Hawa wakifa wote, yuko huru. Maneno niliyomfungia nayo yanakwisha leo, saa hii, bila yeye kufanya lolote. Anachotakiwa ni kukubali kitambaa changu tu, na kwenda kuvaa. Na yeye alikuwa amepiga magoti kwenye maji machafu anamgeuzageuza samaki mwenye urefu wa kucha ndani ya beseni, taratibu, ili maji safi yampite mdomoni.

Nikaweka kitambaa chini nikashika mpira.

Wageni walitukuta hivyo. Binti yangu aliingia wa kwanza, akaona zulia limelowa, mama yake hana viatu na shangazi yake yuko na kanga ya kulalia. Harufu ilikuwa bado ipo. Nilitafuta la kusema. Katika maisha yangu yote nimekuwa nikilipata, lakini siku hiyo sikulipata. Matroni alitutazama, akatazama mabeseni, akavua viatu vyake akavipanga kando ya mlango.

"Kuna ndoo nyingine?" akauliza.

Mpima ardhi alikabidhiwa tochi. Mpaka saa sita walikuwa wamepona samaki kumi na mmoja kati ya sitini na kitu. Chai tuliinywa barazani, mikono inanuka, na matroni alisema hajawahi kupokelewa ugenini na kupewa kazi papo hapo. Angalau amejua mwanawe haoi kwa watu wavivu. Walicheka. Binti yangu alinishika mkono chini ya meza. Uchumba haukuvunjika, kama wanavyodai wasemaji wa mtaani. Ulifungwa siku hiyohiyo.

Walipoondoka tulibaki wawili sebuleni. Tangi lilikuwa tupu, mchanga umekwanguliwa, kioo bado kinachuruzika maji. Wifi yangu alileta ile chupa ya jamu kutoka dirishani kwake. Konokono walikuwa wazima, wanapanda kioo cha chupa na kushuka.

Nikamwambia kwamba dawa nilitia mimi. Akasema anajua. Nikamwambia anayelisha asubuhi ni mimi. Akasema hilo pia anajua, anasikia mfuniko wa kopo ukutani kila siku saa kumi na mbili. Sasa lilibaki moja, na nililiona linanisubiri.

"Kaka yako hakusema usiondoke," nikasema. "Aliuliza kama pampu inafanya kazi. Akasema samaki wasisahauliwe. Mengine niliongeza mimi."

Hakunitazama. Alikuwa anaondoa jani lililooza kwenye chupa.

"Nilikuwa nyuma ya mlango, wifi. Nilikuwa naleta maji."

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza miaka minne.

"Ningesema nini? Niseme mbele ya watu wote mke wa kaka anaongopa, na kaka yuko ndani bado ana joto? Hilo jina unalolilinda ni langu pia. Wewe umeolewa nalo. Mimi nimezaliwa nalo." Akafunga chupa. "Nilisema nitangoja uuseme ukweli mwenyewe. Sikujua utakawia."

"Na leo ungewaacha wafe. Ungekuwa umemaliza."

"Wao wamenikosea nini?"

Jumanne alitoa sanduku la bati chini ya kitanda. Alikuwa amelijaza maji mapya tangi, amerudisha samaki kumi na mmoja, na kati ya konokono wa kwenye chupa amerudisha sita, wengine amewachukua. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na sababu mia, zote za heshima, na nilitamka moja tu, ile ya zamani.

"Samaki wako hai bado."

"Wako hai," akasema. "Na wewe upo."

Alinionyesha madumu, akanionyesha kipimo cha chakula, chembe moja ya vidole viwili, mara moja kwa siku, asubuhi kama nataka asubuhi. Konokono wakiongezeka, nisiwalaumu. Fundi Pampu alimpokea sanduku kwenye ngazi za duka lake, nao wanafanya kazi pamoja mpaka leo: yeye anabeba ndoo, mzee anakaa na kutengeneza pampu. Huingia benki kwa mlango wa mbele. Hakufukuzwa na hakutoroka. Aliaga.

Jumamosi moja kila mwezi huja kukagua tangi langu. Huja na zana zake kwenye mfuko, huchovya kidole akanusa, huhesabu konokono, huniangalia. Chai hunywa akiwa amesimama.

Binti yangu ameolewa, sasa ni mjamzito, na ananitaka nikakae naye miezi mitatu. Nimempigia hesabu. Maji ya kulala yanataka mtu kila baada ya siku mbili, kichujio kila wiki, na pampu ikinyamaza lazima awepo wa kuisikia. Siku hizi nalala chumba cha nyuma ya sebule, maana chumbani kwangu haisikiki. Nimemwambia nitakwenda mara tu hawa samaki watakapokwisha. Asubuhi hii, saa kumi na mbili, nimeona kwenye majani watoto wapya kumi na wanane.